Siku Mama Alipoinua Mkono

Kila alipoulizwa binti yake wa kwanza anafanya kazi gani huko Marekani, Bibi Aikaruwa Kimaro wa Machame alijibu kwa mkato: "Ni hakimu." Hakuwa na nia ya kudanganya. Ndivyo alivyoelewa. Haika alisoma sheria Dar es Salaam, akaenda ng'ambo kuongeza elimu, hakurudi, na katika picha alizotuma nyumbani alikuwa amevaa joho. Sasa mtu wa sheria aliyevaa joho, kama si hakimu, ni nani?

Haika alikuwa profesa. Alifundisha sheria ya mikataba katika chuo kikuu kimoja cha Ohio, na kazi hiyo aliipata kama mtu anavyopata mchumba kwenye msiba: hakwenda kuitafuta. Alifika Ohio akiwa mwanafunzi wa shahada ya pili, na koti zito alilopewa na wazee wa kanisa, akiwa na mpango wa kukaa mwaka mmoja kisha arudi Dar awe wakili. Katikati ya muhula mwalimu wake wa mikataba akaugua. Kitivo kikamwomba Haika awashike wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa wiki chache tu. Aliingia darasani akitetemeka, akatoka akiwa na hamu ya kesho ifike. Wiki chache zikawa muhula, muhula ukawa ajira, ajira ikawa ya kudumu. Akaandika, akapanda cheo, akachukua uraia. Akaolewa na mwalimu wa hisabati, wakaachana kwa amani, wakabaki kutumiana kadi za Krismasi. Miongoni mwa vijana aliowafundisha, kadhaa sasa walikuwa majaji kwelikweli.

Namna yake ya kufundisha ilijulikana. Hakuwa mtu wa kuhutubia. Alikuwa muulizaji. Alimteua mwanafunzi yeyote bila kumwonya, akampa kisa, akataka uamuzi. Mwanafunzi akijibu, Haika alilipokea jibu kwa swali jingine, na jingine tena, mpaka kijana wa watu ajikute amesimama upande alioupinga mwanzoni. "Endelea," alimwambia kila alipokwama. Wanafunzi wakambandika jina la utani kwa Kiingereza chao: Profesa Endelea.

Lakini miaka ya karibuni raha ile ilikuwa imepungua, kama chai iliyoachwa mezani. Wanafunzi walijificha nyuma ya kompyuta zao. Katika maoni ya mwisho wa muhula waliandika kwamba maswali yake yanawatia hofu. Haika, ambaye hakuwa mtu wa kulazimisha mambo, akaanza kuyapunguza. Mwishowe akawa anasoma maelezo yake tu, wao wanachapa, saa inagonga, wote wanaondoka. Alipopata mwaliko wa kuwa profesa mgeni London kwa mwaka mmoja, alikubali upesi. Siri ya moyoni alimwambia mdogo wake peke yake.

"Humphrey, mwaka huu ni wa kuagia. Nikirudi Ohio nastaafu."

"Ustaafu ufanye nini, dada?"

"Nipande maua."

Humphrey alicheka mpaka akakohoa. Dada yake huyo alikuwa ameua hata maua ya plastiki, alisema, kwa kuyaweka karibu na jiko.

Humphrey aliishi Hayes, pembezoni mwa London, na mkewe Anastasia. Yeye alikuwa msimamizi katika ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, Anastasia alikuwa nesi. Haika alipanga chumba karibu na chuo, lakini kila Ijumaa jioni alipanda treni kwenda kwao kula machalari, ndizi zilizopikwa na nyama. Na mwaka ule kulikuwa na sababu nyingine ya kwenda: mwezi wa Novemba mama yao alifika kwa visa ya matembezi. Safari ya Ohio ilikuwa imepangwa mara nyingi na kila mara jambo likazuka, mara ng'ombe kazaa, mara goti, mara harusi. London alikuja. Alishuka na sweta mbili juu ya kitenge na mfuko wa unga wa ndizi aliokataa kumwachia mtu yeyote aubebe.

Wiki ya kwanza tu alitoa ombi lake.

"Haika mwanangu, nataka siku moja unipeleke mahakamani nikuone ukihukumu."

Anastasia akageukia sinki haraka ili wifi yake asimwone akicheka.

"Mama, mimi sihukumu. Wala siendi mahakamani. Nafundisha."

"Unafundisha mahakimu."

"Nafundisha watu ambao baadaye watakuwa mawakili, na wengine mahakimu."

"Na wewe mwenyewe hujawahi kumtetea mtu hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Bibi Aikaruwa alitafuna polepole, akamtazama binti yake kwa huruma, kama anayetazama mtoto aliyefeli na hajaambiwa. "Basi wewe ni daktari asiyegusa mgonjwa," alisema.

"Ndiyo, lakini anayefundisha madaktari."

"Mae! Na wao wanajuaje kama unajua?"

Haika alikuwa amejibu maswali ya majaji na maprofesa katika nchi nyingi. Kwa hilo aliongeza supu.

Mwanzoni mwa mwaka mpya mkuu wa kitivo cha sheria, Profesa Vasanti, alimkumbusha kuhusu desturi ya chuo: kila profesa mgeni hutoa mhadhara mmoja wa wazi wakati wa majira ya kuchipua, na yeyote anakaribishwa. Haika aliitaja habari hiyo mezani Hayes bila kufikiri. Kabla hajamaliza sahani yake Anastasia alikuwa ameshaisambaza habari.

"Wifi, nimeshatangaza kwenye grupu la kanisa. Watu wanauliza kama kuna basi."

"Anastasia! Ni mhadhara wa kisheria. Watalala."

"Walale. Mahubiri ya mchungaji wetu wanalala pia, na Jumapili inayofuata wanarudi."

"Na ni kwa Kiingereza. Mama atafanya nini?"

Wote wakamtazama mama. Bibi Aikaruwa alikuwa anamenya chungwa kwa kisu, ganda likishuka refu bila kukatika. "Mimi nitakaa nikutazame," alisema. "Nilipokuwa mdogo tuliwahi kukaa ibada nzima ya Kijerumani. Hakuna aliyekufa."

Jumatatu Haika alimsimulia Vasanti kisa hicho kama mzaha. Vasanti hakucheka. Alikuwa mtoto wa Stanmore, hapo hapo London, lakini wazazi wake walitoka Moshi, na nyumbani kwao watu wazima waligombana kwa Kigujarati na kupatana kwa Kiswahili. Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa cha jikoni kwa bibi yake: kilijua kila kiungo na kila tusi dogo, hakikujua sheria.

"Utoe kwa Kiswahili," alisema.

"Unatania."

"Sitanii hata kidogo. Tuna hedifoni, tuna kibanda cha mkalimani. Kila mwaka wageni wanatoka nchi zote za dunia wanatuzungumzia kwa Kiingereza, tunapiga makofi, tunakwenda kula samosa. Mwaka huu sisi tuvae hedifoni. Mama yako asivae kitu."

Haika alisema atafikiria, na maana yake ilikuwa hapana. Hakuwa anaogopa Kiswahili. Aliota kwa Kiswahili, alisali kwa Kiswahili, na alipogonga kidole cha mguu hakukosa maneno. Lakini sheria ilimwingia kwa Kiingereza na ikakaa huko huko. Usiku ule, kwa udadisi tu, alijaribu kulieleza somo lake la kwanza kabisa mbele ya kioo: kwamba ahadi tupu si mkataba, kwamba ili ahadi ifunge ni lazima aliyeahidiwa naye atoe kitu. Alianza sentensi akaiacha. Akaanza nyingine. Akajikuta anasema "yaani" mara nyingi kuliko kitenzi chochote. Alikaa kitandani akicheka kwa aibu. Maisha yote kazini, na hawezi kumweleza mama yake somo la siku ya kwanza!

Asubuhi alimwambia Vasanti kwamba amekubali. Alikuwa amejikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ilikuwa tamu. Hakuwa ameionja kwa muda mrefu.

Mkalimani aliyetafutwa aliitwa Harith Matar, Mzanzibari wa makamo, mwenye sauti nzito na shati lililopigwa pasi kama la harusi. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kutafsiri mahakamani. Walikutana mgahawani karibu na chuo kukubaliana maneno, wakaishia kubishana.

"Kile anachotoa aliyeahidiwa," alisema Harith, "sisi tutasema iwadhi."

"Mama yangu hatalijua neno hilo."

"Atajifunza. Neno zuri hilo, Profesa."

"Ni zuri, ila bara halitembei. Tuseme malipo."

"Malipo si sawa, wallahi. Malipo mtu atadhani pesa. Wewe mwenyewe umesema si lazima pesa."

Alikuwa na haki katika hilo, na Haika alikuwa na haki katika lile la kwanza, na chai ikapoa mbele yao. Waliagana bila kukubaliana neno lakini kwa furaha, kila mmoja akiahidi kumshinda mwenzake wiki ijayo.

Neno lilimjia Haika ndani ya treni ya kwenda Hayes, amebanwa kati ya abiria wenye masanduku. Hakuwa hata akilitafuta. Alikuwa anafikiria kumpelekea mama yake ndizi zilizoiva, asije akafika mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi! Alicheka kwa sauti, mwanamume mwenye sanduku akasogea kidogo. Sheria yote ya Waingereza aliyokuwa ameifundisha kwa miaka yote ile, ilikuwa imesimama pale: ukitaka ahadi yako ifunge, usije mikono mitupu. Na papo hapo methali nyingine ikaja kuipinga: ahadi ni deni. Methali hii haiulizi mkono wa mtu una nini. Umeahidi, umefungwa. Basi ni ipi kati ya hizo mbili? Waswahili wanazo zote mbili, tena wanazitumia siku moja! Kabla treni haijafika Hayes, mhadhara ulikuwa umeshajipanga wenyewe.

Siku ilipofika, Jumamosi alasiri ya mwezi wa Machi, ukumbi ulijaa mapema. Mbele walikaa maprofesa na wageni wa chuo, kila mmoja na hedifoni zake shingoni. Katikati wanafunzi. Nyuma na pembeni, na mwishowe kwenye ngazi, watu wa Hayes na wenzao kutoka kila upande wa jiji, vitenge vikichungulia chini ya makoti, na harufu ya marashi ikishindana na harufu ya mvua. Anastasia alikuwa amemkalisha mama mkwe wake mstari wa pili, yeye upande mmoja na Humphrey upande mwingine, kama walinzi.

Haika alipanda jukwaani na kurasa zake. "Waheshimiwa wageni," alianza, "madhumuni ya mhadhara huu ni kuchunguza misingi ya uwajibikaji wa kimkataba..."

Alisoma ukurasa wa kwanza. Kiswahili kilikuwa sahihi, kimekatwa vizuri kama suti, na hakikuwa na mtu ndani. Alipoinua macho aliona wanafunzi wameinamia simu. Aliona mwanamke mmoja wa Hayes akipangusa miwani ambayo haikuwa na uchafu. Akamwona mama yake: ameketi wima, mikono mapajani, macho ameyafumba nusu, ana uso ule wa ibada ya Kijerumani.

Haika aliziweka kurasa chini.

"Naomba niwasimulie kisa," alisema. Sauti yake ilibadilika, hata Harith kule kibandani alijiweka sawa kwenye kiti. "Kuna mzee mmoja ana shamba la kahawa. Hana mtoto. Ana mpwa wake anaitwa Laurean, kijana mzuri, mchapakazi, ila pombe imemshika. Kila Jumapili mjomba anakwenda kumwokota mtaroni. Siku moja mjomba anamwambia mbele ya watu: Laurean, ukikaa bila kuonja pombe mpaka mavuno ya mwakani, lile shamba la chini nakupa. Laurean anaacha. Harusi zinapita, anakunywa soda. Ubarikio kanisani, soda. Mavuno yanafika, hajaonja hata tone. Anakwenda kwa mjomba kudai shamba. Mjomba anasema: mwanangu, nilisema tu ili upone. Umepona, nenda zako salama."

Miguno ilipita ukumbini. Simu zikashuka.

"Sasa, wahenga wanasema ahadi ni deni. Lakini wahenga hao hao wanasema mkono mtupu haulambwi, na sheria niliyoifundisha mimi inafuata hili la pili. Aliyeahidiwa lazima naye awe ametoa kitu. Nauliza: Laurean apewe shamba, au asipewe?"

Kimya. Haika alisubiri. Alikuwa amesahau jinsi kimya kile kinavyopendeza, kimya cha watu wanaofikiri wakiogopa kuwa wa kwanza.

Mstari wa pili mkono ukainuka. Uliinuka wima kabisa, kidole kimenyooka, kama wa mtoto wa shule ya misheni. Humphrey alijaribu kuushusha taratibu, ukamsukuma.

"Ndiyo, mama," alisema Haika.

Bibi Aikaruwa alisimama, akajifunga kitenge vizuri. "Asipewe."

"Kwa nini asipewe?"

"Umesema mwenyewe, mkono mtupu haulambwi. Huyo kijana amempa mjomba wake nini? Hakupalilia. Hakupogoa kahawa. Ameacha pombe, vizuri, ini limepona. Ini ni la nani? Si lake mwenyewe? Sasa apewe shamba kwa kuponya ini lake?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Nusu yake. Nusu nyingine, wenye hedifoni, ilikuwa bado inasubiri, kwa sababu Harith mwenyewe alikuwa anacheka na wao hawakusikia ila mtu anayepumua kwa shida masikioni mwao. Kisha tafsiri ikafika, na maprofesa wakacheka peke yao kwa zamu yao.

"Endelea," alisema Haika.

"Niendelee wapi? Nimemaliza."

"Hujamaliza, mama. Kabla ya ahadi ile, Laurean alikuwa na ruhusa ya kunywa?"

"Ruhusa ya nani? Ya shetani?"

"Ya sheria. Polisi wangemkamata akinywa mbege kwa jirani siku ya Jumapili?"

Mama alifikiri kwa uaminifu. "Hapana. Wangeketi naye."

"Kwa hiyo kunywa kulikuwa haki yake."

"Haki mbaya."

"Mbaya, lakini ya nani?"

"Yake," alikiri mama, bila furaha.

"Mjomba alitaka nini?"

"Alitaka aache."

"Akaacha?"

"Aliacha."

"Basi mjomba amepata alichokitaka, na Laurean ameachia kitu kilichokuwa chake, mwaka mzima, harusi kwa harusi. Je, mkono wake ulikuwa mtupu?"

 Watu walikuwa wamesogea mbele kwenye viti. Hata maprofesa walikuwa wameshika hedifoni zao kwa mikono miwili kama watoto wanaosikiliza redio.

"Ngoja kwanza," alisema mama. "Ngoja. Na kama alikuwa ameshaokoka hata kabla ya kuahidiwa? Kama angeacha tu, shamba liwepo lisiwepo?"

 Lilikuwa swali zuri, swali la kulipigania, na Haika alikuwa amekaa miaka akilisubiri kutoka kwa watu waliojificha nyuma ya kompyuta. Hakulijibu. Aliufungulia mikono ukumbi mzima. "Nani anamjibu Bibi?"

Mikono ikainuka kila upande. Anastasia alisimama bila kuitwa akasema kazini kwake hospitali ameona watu wengi wakiapa kuacha na hakuna aliyeacha kwa kuokoka tu, kwa hiyo ni shamba lililomponya. Mwanafunzi mmoja Mkenya, Kamande, akasema nia iliyo moyoni hakuna mahakama inayoiona, tunachoona ni soda. Profesa mmoja mzee, Mwingereza, alivua hedifoni, akauliza kwa lugha yake kama mjomba hakuwa anatania, Harith akageuza kwa Kiswahili, na Bibi Aikaruwa, ambaye hakuwa amekaa, akamjibu moja kwa moja: "Mzee mwenzangu, kwetu mtu hatanii na shamba." Harith akalirudisha kwa Kiingereza, na yule profesa akainama kwa heshima kama aliyefungwa goli safi.

Saa ya mhadhara ilipita na hakuna aliyeitazama. Haika alishuka jukwaani akawa anatembea kati ya viti, anauliza, anageuza, anamchokoza huyu kwa jibu la yule. Alipofika mstari wa pili alisimama mbele ya mama yake.

"Mama, neno la mwisho. Tuseme wewe ndiye mjomba. Umesema mbele ya watu, na kijana amekaa mwaka mzima akijinyima kwa sababu ya neno lako. Utamwambia aende zake?"

 Bibi Aikaruwa akatabasamu, kwanza kwa upande mmoja wa mdomo, halafu uso mzima.

"Haya," alisema. "Hapo umenishinda."

Humphrey alijipiga paja kwa kishindo. Wale wasioijua familia ile hawakuelewa kwa nini mwanamume mzima alikuwa anafuta machozi akicheka. Mama yao hakuwahi kumwambia mtu neno lile, si baba yao marehemu, si mchungaji, si mwenyekiti wa kijiji aliyejaribu kuhamisha mpaka wa shamba. Mwanamke mmoja wa Hayes akapiga kigelegele, wengine wakamfuata, na maprofesa wakavua hedifoni kwa sababu hilo halikuhitaji mkalimani.

Kwenye tafrija Vasanti alimletea mama samosa na kuongea naye Kiswahili cha jikoni, na mama akamwambia pilipili ya hizo samosa ni ya woga. Walielewana sana. Harith alikuja kumpa Haika mkono. "Profesa, nimetafsiri kesi za kila namna mjini hapa," alisema, "lakini leo ndiyo mara ya kwanza nimetamani nizimiwe kipaza sauti nami nibishane." Kisha akawaita jamaa zake wawili aliokuja nao kutoka msikitini, nao wakaanza upya habari ya Laurean.

Walirudi Hayes kwa treni, kundi zima, wameteka behewa. Wanawake wa kwaya walianza wimbo wa Pasaka kabla ya Pasaka kufika. Mama aliketi dirishani karibu na Haika, viatu amevivua.

"Kwa hiyo si hakimu," alisema.

"Si hakimu, mama."

"Kazi yako ni kubishana na watu mpaka wafikiri."

"Ni hiyo."

"Na wanakulipa?"

"Wananilipa vizuri."

Bibi Aikaruwa alitikisa kichwa kwa mshangao wa kweli. "Mungu ni mwema," alisema. "Mimi nilikuchapa kwa hilo hilo."

Haika alicheka mpaka akaegemea bega la mama yake, na mama akamwacha aegemee, akitazama taa za vituo zikipita.

Hakustaafu. Kabla ya Pasaka alimpigia simu mkuu wake wa Ohio na kumwomba jambo ambalo hakuwahi kuliomba: apewe tena darasa la mwaka wa kwanza, lile kubwa, lenye wale wanaoogopa. Kuhusu hofu yao alikuwa na wazo. Hatamrukia mtu mmoja tena kama mwewe. Atawapa kisa wote na kusubiri mkono wa kwanza uinuke, hata kama kimya kitachukua nusu ya kipindi. Vasanti naye akapata njia ya kumrudisha London kila mwaka kwa muhula wa tatu, kufundisha chuoni siku za kazi.

Jumamosi alizihifadhi kwa ajili ya Hayes. Mwezi wa Mei mwaka ule ule, mama akiwa ameshasafiri kurudi Machame, Humphrey alikodi ukumbi wa kanisa, Anastasia akatangaza kwenye grupu, na Harith akawaleta watu wake. Somo la kwanza lilikuwa mikataba ya kupanga nyumba. Haika alitoa kisa cha mwenye nyumba aliyeahidi kwa mdomo kutengeneza bomba. Kabla hajamaliza, Bi Zainab, mama wa Kipemba aliyeketi karibu na mlango na kikapu chake cha sokoni, alikuwa ameshasema kwamba kisa kina kasoro, kwamba hakuna mpangaji mjinga kiasi hicho, na kwamba yeye angemkatalia huyo bwana tangu mlangoni. Jirani yake akampinga. Nesi mmoja aliyetoka zamu akampinga jirani.

Muda wa kukodi ulikwisha. Mtunza ukumbi alikuja akasimama mlangoni akichezesha funguo, kwanza kwa adabu, halafu kwa nguvu. Walipanga viti wakibishana, wakavaa makoti wakibishana, wakatoka kwenye manyunyu hadi kituo cha basi, Bi Zainab bado amenyoosha kidole, Harith akimshikia kikapu. Basi la Haika lilifika, likafungua milango, likangoja.

"Profesa, si lako hilo?" aliuliza mtu.

"Litakuja jingine," alisema Haika, akamgeukia Bi Zainab. "Haya, umesema ungemkatalia mlangoni. Na kama mvua inanyesha, na huna pengine pa kulala?"

"Hapo sasa," alisema Bi Zainab, akaweka mkono kiunoni, "ndipo unaponikorofisha."

Basi likaondoka.